Mapenzi ya Mtandaoni: Mpaka kati ya Ahadi Iliyovunjwa na Kosa la Jinai

Katika Kata ya Mirongo, Jijini Mwanza, kama ilivyo katika miji mingi nchini, simu ya mkononi imekuwa duka, benki na posta kwa wakati mmoja. Kwa wengi, simu hiyo imekuwa pia mahali pa kumtafuta mwenza wa maisha. Sambamba na fursa hiyo, wamejitokeza matapeli wanaofungua akaunti kwa majina na picha zisizo zao, wakajenga mahusiano kwa wiki kadhaa, kisha wakaanza kuomba fedha.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa dagaa anayeishi Mirongo, aliyefahamiana mtandaoni na mtu anayejitambulisha kuwa mhandisi aliye ughaibuni. Baada ya miezi miwili ya salamu za asubuhi na usiku pamoja na ahadi ya ndoa, anaarifiwa kuwa ametumiwa zawadi, lakini mzigo umezuiliwa forodhani na unahitaji kulipiwa. Akituma fedha, inatajwa ada nyingine. Hatimaye namba haipatikani. Swali linalobaki ni moja: je, sheria inalitambua jambo hili, au ni aibu ya aliyetuma fedha?

Jibu linaanza kwa kutofautisha mambo mawili. Mtu aliyeahidi ndoa kwa nia njema kisha akabadili mawazo si mhalifu. Shauri la namna hiyo ni la madai. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu kudai fidia ya gharama zilizotokana na ahadi hiyo, pamoja na kurejeshewa zawadi zilizotolewa kwa sharti la ndoa kufungwa.

Utapeli ni jambo jingine. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaeleza kuwa udanganyifu ni maelezo ya uongo kuhusu jambo lililopita au lililopo, yanayotolewa na mtu anayejua kuwa si ya kweli. Kwa msingi huo, kauli ya "nitakuoa" peke yake ni ahadi ya wakati ujao na inaweza isitoshe kuthibitisha kosa. Lakini kauli za "mimi ni mhandisi" na "mzigo wako uko forodhani" zinaweza kupimwa na kubainika kuwa uongo. Aliyejipatia mali kwa uongo huo anakabiliwa na kifungo cha hadi miaka saba.

Tofauti hii ina uzito mkubwa katika meza ya polisi. Malalamiko yanayoanza na kusalitiwa kimapenzi yanaweza kuonekana kuwa ugomvi wa wapenzi. Yanayoanza na uongo uliotamkwa, tarehe, kiasi kilichotumwa na namba iliyopokea, yanaonesha jinai.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeongeza nguvu. Kifungu cha 12 kinahusu udanganyifu wa kimtandao unaomsababishia mtu hasara ya mali, na adhabu yake ni faini isiyopungua Shilingi milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote kwa pamoja. Kifungu cha 15 kinakataza kutumia mfumo wa kompyuta kujifanya mtu mwingine. Aidha, mwenye picha iliyotumiwa bila ridhaa yake naye ni mwathirika, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mahali pa kupeleka malalamiko, yaani Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kuhusu ushahidi, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaelekeza kuwa ujumbe wa kielektroniki hautakataliwa mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Hivyo, kufuta mazungumzo kwa hasira au aibu ni kumsaidia tapeli. Mwathirika anapaswa kuhifadhi ujumbe, picha na risiti za miamala, kumjulisha haraka mtoa huduma za fedha, kutuma namba ya tapeli kwenda 15040 na kutoa taarifa kituo cha polisi kilicho karibu. Kila mwananchi anaweza pia kupiga *106# ili kuhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, kwani laini ya tapeli huweza kuwa na jina la mtu asiyehusika.

Ni kweli kuwa wahalifu wengine wako nje ya mipaka, na kuwafikia kunahitaji ushirikiano wa kimataifa. Ushirikiano huo upo: katika operesheni ya Interpol iliyofanyika Julai na Agosti 2025 dhidi ya utapeli wa kimapenzi na ulaghai wa picha za faragha, watu 260 walikamatwa katika nchi 14 za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Rwanda.

Hata hivyo, hakuna operesheni inayoweza kufuatilia kosa lisiloripotiwa. Tapeli huchagua mapenzi kwa sababu anajua aliyeibiwa kwa njia hiyo huona haya kusema. Kupenda si kosa, na kudanganywa si kosa. Mkosaji mbele ya sheria ni aliyedanganya ili apate fedha.