Jicho la kuazima juu ya bahari yetu

Usiku wa tarehe 3 Oktoba 2021 simu zetu hapa Oman hazikulala. Kimbunga Shaheen kilikuwa kinaingia Batina, na kila kundi la WhatsApp la ukoo lilikuwa linarusha picha ileile: duara jeupe la mawingu, na Maskati pembeni yake kama punje. Shangazi yangu aliyeko Unguja akapiga simu. Baada ya kuuliza watoto na maji yamefika wapi, akauliza, "Sasa hiyo picha kaipiga nani?" Setilaiti, nikamwambia. "Ya nani?" Nikanyamaza, maana wallahi nilikuwa sijui.

Nimeshajua. Moja ya setilaiti zilizokuwa zikikitazama kimbunga kile ilikuwa Meteosat-8, mali ya EUMETSAT, shirika la nchi za Ulaya lenye makao Darmstadt, Ujerumani. Ulaya walikuwa wameshaitumia miaka mingi kwao, wakaisogeza huku mwaka 2016 imalizie umri wake. Mwaka 2022 ikastaafishwa, ikaletwa Meteosat-9, nayo mtumba vilevile. Imerushwa Desemba 2005 na ilitengenezwa ifanye kazi miaka 7. Sasa imekaa kilomita 36,000 juu ya Ikweta, na ukiteremsha uzi moja kwa moja chini utaangukia baharini, mashariki ya Kismayu. Kila robo saa huleta picha moja, na ndani ya picha hiyo moja mna Salalah, Sur, Lamu, Unguja na Ngazija. Familia zetu zote, jamani.

Sisemi haya kwa kulalamika. Ni ihsani kubwa, na si mara ya kwanza. Mwaka 1979 wanasayansi wa dunia nzima walikubaliana kuitazama hewa ya dunia yote kwa mwaka mmoja, kila nchi na sehemu yake. Bahari ya Hindi waliahidi Warusi. Setilaiti yao haikuwa tayari. Basi Wamarekani wakaazimisha ya kwao, Wazungu wa Ulaya wakaiendesha, na pengo likazibwa, tena wakati wa vita baridi! Mwaka ukaisha, ikaondoka. Mkopo mwingine, wa Meteosat-5, ulikuja 1998, na tangu hapo tumekuwa tukipokea ya pili baada ya ya kwanza kuchoka.

Wenzetu India wana INSAT zao, na China na Urusi pia wana macho yao upande huu. Wote hao hukutana katika CGMS, kundi lililoanzishwa 1972 ili wenye setilaiti za hali ya hewa wapange nani akae wapi na nani amzibie mwenzake. Sisi tunakaa upande wa kupokea. Majina ya vimbunga tunatoa, hilo kweli. Delhi ndiyo inayovipa majina vimbunga vya bahari yetu kutoka orodha ya nchi 13: Shaheen lilitoka Qatar, na Luban cha 2018 kilikuwa chetu Waomani, yaani ubani. Jina tumetoa, basi, na jicho tumeazima. Wazee wana msemo kuhusu nguo ya kuazima ambao sitaumalizia mbele ya watoto.

Kuna watakaosema: kama wanatupa bure, tulipe kwa nini? Hebu angalia yaliyotokea Juni 2025. Marekani ilitoa taarifa ya siku chache tu kwamba mwisho wa mwezi ule itaacha kugawa vipimo kutoka setilaiti zake za zamani za jeshi. Vipimo vile hupenya mawingu, na usiku ndivyo vinavyomwonyesha mtabiri kama tumbo la kimbunga linajikaza. Watu wakapiga kelele, tarehe ikasogezwa hadi Julai, mwisho wakasema wataendelea. Sawa. Lakini kwa wiki kadhaa watabiri wa nchi nyingi walikuwa wanasubiri uamuzi ambao hawakuwa na sauti ndani yake. Cha mwenyewe ni cha mwenyewe, ana haki ya kukizima.

Na hapo nazungumzia hatari ya siku moja. Kuna jambo la polepole zaidi. Gonu cha Juni 2007 kiliua watu wapatao 50 Oman na kuharibu barabara na nyumba ambazo wengi wetu tunazikumbuka. Baadaye vikaja Mekunu, Luban, Shaheen. Kila majilisi utasikia swali, je vimbunga vimezidi, au ni sisi tunaoviona zaidi? Kulijibu kunataka vipimo vya miaka mingi visivyokatika, vya joto la bahari, mawingu na kina cha maji. Setilaiti mbili hazioni sawasawa. Ukizima moja leo ukawasha nyingine mwakani, hutajua kama bahari ndiyo iliyobadilika au kifaa.

Wanaopima kina cha bahari wamelielewa hilo. Tangu TOPEX/Poseidon ya 1992, kisha Jason, kisha Sentinel-6 ya 2020, setilaiti mpya hurushwa ile ya zamani bado inafanya kazi, zikafuatana miezi kadhaa zikipima maji yaleyale. Ni kama muuza samaki aliyenunua mizani mpya: anampima nguru mmoja kwenye zote mbili kabla ya kuitupa ya kwanza. Kazi hiyo Marekani na Ulaya wameifanya pamoja miaka 30 na zaidi. Juu ya bahari yetu, jicho la Ulaya linakaa kwa kadiri watakavyoweza, bila ahadi ya kudumu.

Ghuba haikosi pesa wala ujuzi. Imarati walirusha chombo cha Al-Amal mwaka 2020, kikafika Mirihi Februari 2021. Nilifurahi kama Mwarabu yeyote. Ila kazi ya chombo kile ni kuchunguza hali ya hewa ya Mirihi! Vumbi la kule tunalitazama kwa mali yetu, na tufani linaloelekea Batina tunalitazama kwa mtumba wa Darmstadt. Wala tusiseme Waarabu hatuwezi kushirikiana angani. Arabsat ilirushwa 1985 kwa pesa za nchi nyingi za Kiarabu, na mpira na tamthilia havijawahi kutukosa.

Ninachotaka Maskati, Abu Dhabi, Riyadh na Doha wafanye ni kulipia pamoja jicho moja la kudumu juu ya Bahari ya Hindi, au wachangie Ulaya na India ili hawa nao waweke ahadi ya maandishi ya miaka 20. Vipimo vigawiwe bure, Dar es Salaam na Mombasa wapate palepale tunapopata sisi. Mei 2024, Hidaya kilipofika Mafia na boti za Unguja kusimamishwa, ilikuwa zamu yetu kumpigia shangazi usiku kucha, na picha tuliyokuwa tukiitazama ilitoka juu kulekule.