Taa ya Wote Isikose Mwenyewe

Katika tahariri ya mwezi huu tumeonelea tuzungumzie jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wetu wakalistaajabia kwa udogo wake, nalo ni wizi wa balbu za taa katika majengo yanayotumiwa na watu wengi. Tunakusudia korido za nyumba za kupanga, vyoo vya uani, ngazi za maghorofa ya mijini, madarasa, zahanati, na hata sehemu za kutawadhia katika misikiti yetu. Taa huwekwa leo, kesho holda i tupu. Huwekwa nyingine, nayo hufuata njia ya mwenziwe. Mwishowe watu huchoka kuchanga, kiza kikatawala, na kila mtu akajizoesha kupapasa ukuta kama kwamba hivyo ndivyo jengo lilivyojengwa.

Atakayeuliza kama hakuna makubwa ya kuandikwa kuliko haya, tutamjibu kwamba wizi huu ni mdogo kwa thamani ya kile kinachoibwa, lakini si mdogo kwa yale unayoyaacha nyuma yake. Katika kiza cha korido ndimo mtoto anamojikwaa, mwanamke anamoogopa kutoka kwenda chooni usiku, na mwizi mkubwa anamojificha akimsubiri mwenye simu au mshahara. Na katika ugomvi wa balbu moja ndimo majirani wanamoanza kutazamana kwa jicho la shaka.

Sisi wa Nyakunguru na vijiji vinavyotuzunguka tunalijua jambo hili kwa karibu. Tangu mgodi wa North Mara ulipoanza kuzalisha dhahabu mwaka 2002, eneo hili la Nyamongo limepokea watu wa kila upande wanaotafuta riziki, na nyumba za kupanga zikaambatana nao: vyumba sita, vinane au kumi vinavyotazamana, korido moja katikati, choo kimoja nyuma. Wapangaji ni watu waliokutana ukubwani, huyu katokea Serengeti, yule Ukerewe, mwingine Kigoma. Nao Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, umefikisha nguzo za umeme katika vijiji ambavyo wazee wake walizeeka na vibatari. Itakuwa ni hasara kubwa umeme uvuke milima na mito hadi mlangoni petu, kisha tushindwe kuilinda taa inayoutumia.

Kwa nini taa ya pamoja ndiyo inayoibwa, na taa ya chumbani kwa mtu haiibwi? Wanazuoni wa fiqhi waliitazama mas-ala hii kabla ya umeme kujulikana. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277 Miladia), katika kitabu chake Minhaj at-Talibin, ambacho kimesomeshwa vizazi kwa vizazi katika Afrika Mashariki, alitofautisha baina ya anayeiba mlango au boriti ya msikiti na yule anayeiba mikeka yake au kandili zake zinazowashwa. Wa kwanza hupasiwa na haddi ya wizi. Wa pili haddi humwondokea. Sababu ni kwamba mlango na boriti ni vya kulihifadhi na kulijenga jengo, ama mkeka na taa vimewekwa ili waumini wanufaike navyo, na mwizi huyo, akiwa Muislamu, ni mmoja wa wenye haki ya kunufaika. Kuna shubha ya haki katika kitu alichokitwaa, na haddi huepushwa kwa shubha.

Asije mtu akaielewa hukumu hii kinyume. Kuondoka kwa haddi hakukufanya kitendo kuwa halali. Dhambi ingali pale pale, kurudisha kilichochukuliwa ni wajibu, na mwenye mamlaka anaweza kumtia adabu mtendaji. Tulichotaka kuonyesha ni jinsi wanazuoni walivyokiona kiini cha tatizo: anayeichukua taa ya wote anajiona ana fungu lake ndani yake. Hajioni kuwa mwizi. Husema moyoni, "Nami ni mpangaji hapa," au "Nami nilichanga." Husahau kwamba haki aliyokuwa nayo ni ya kuona kwa nuru ya taa ile pamoja na wenziwe, wala haikuwa haki ya kuimiliki peke yake. Akishaitia chumbani kwake amechukua fungu lake na mafungu ya wote.

Sheria ya nchi nayo haikumwachia mlango huo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inatamka kuwa mtu anaweza kutiwa hatiani kwa wizi hata kama yeye ni mmoja wa wamiliki wa pamoja wa kitu alichokichukua, na adhabu ya jumla ya wizi inaweza kufikia kifungo cha miaka saba. Basi hoja ya kwamba "ni yetu sote" haimwokoi mtu mahakamani, seuze mbele ya Mola wake.

Na wale wanaosema ni balbu tu, watazame yaliyosimuliwa katika hadithi sahihi juu ya vita vya Khaybar, mwaka wa 7 Hijria. Mtumishi mmoja alipigwa na mshale, watu wakampongeza kwa shahada. Mtume (s.a.w.) akawajulisha kwamba sivyo, kwani shuka aliyoichukua katika ngawira kabla haijagawanywa ilikuwa ikimwakia moto. Mtu mmoja aliyesikia hayo akaja haraka na ukanda wa kiatu aliokuwa ameuchukua, akaambiwa kuwa nao ni wa moto. Ukanda wa kiatu! Iko wapi balbu mbele ya ukanda wa kiatu? Kilichoyafanya mambo kuwa mazito hakikuwa bei yake. Uzito ulitokana na kuwa kilikuwa cha watu wote. Wanahistoria husimulia pia kuwa Umar bin Abdulaziz, aliyetawala kuanzia mwaka 99 hadi 101 Hijria, alikuwa akiizima taa ya Baitul-Mali yalipoingia mazungumzo ya mambo yake binafsi, akawasha yake. Yeye aliogopa kutumia nuru ya wote kwa jambo lake. Leo tunao wanaobeba taa yenyewe.

Hata hivyo, hatutakuwa waadilifu tukisimama kwenye kukemea tu. Kila anayeishi nyumba ya kupanga anajua kuwa si kila balbu inayotoweka imechukuliwa kwa tamaa. Nyingine hung'olewa kwa hasira, na chanzo cha hasira ni LUKU. Katika nyumba nyingi mita ni moja, na wapangaji hununua umeme kwa kuchangiana. Au taa ya korido imeunganishwa kwenye mita ya mpangaji mmoja, naye huona kuwa anawawashia watu wanane kwa fedha yake. Siku uniti zinapokwisha kabla ya mwezi, huing'oa. Mwingine huona kuwa taa ya nje huwaka hadi saa nne za asubuhi na hakuna anayeizima. Mwenye nyumba akiulizwa, husema yeye alishaweka balbu siku ya kwanza, inayofuata ni ya wapangaji. Na wapangaji husema nyumba si yao. Hapo kiza hakikuletwa na mwizi peke yake. Kimeletwa na mapatano ambayo hayakufanyika.

Wenyeji wa mkoa huu wana somo ambalo lingetosha kutuongoza. Ng'ombe wa Mkurya hujulikana kwa rangi yake na kwa alama yake. Akiibwa, yowe hupigwa, nyayo zake hufuatwa kutoka kijiji hadi kijiji, na mkutano wa jadi, yaani ritongo, huketi kulijadili jambo hilo. Hatusemi kwamba kila lililofanywa kwa njia hiyo lilikuwa la haki, lakini tunauliza: ni nini kilichomfanya ng'ombe alindwe namna hiyo? Ana mwenyewe, ana alama, na kuna wanaomfuata akipotea. Balbu ya korido haina hata kimoja katika hivyo vitatu. Tukiipatia hivyo vitatu, nusu ya kazi imekwisha.

Kwanza, iwe na mwenyewe. Wapangaji wakubaliane kwa maandishi nani ananunua balbu ikiungua na nani analipia umeme wake, na jambo hili liingie katika mkataba wa pango tangu mwanzo. Kila mwezi chumba kimoja kiwe na zamu ya kuiwasha magharibi na kuizima alfajiri. Hesabu yenyewe si ya kuogopesha. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 12 kila usiku hutumia takriban uniti 3 na robo kwa mwezi mzima. Katika nyumba ya vyumba vinane, fungu la kila chumba halifiki hata nusu ya uniti. Balbu ya zamani ya waya, yenye wati 60, ingetumia zaidi ya uniti 21 kwa muda huo huo. Kwa hiyo anayebadilisha aina ya taa ameondoa sehemu kubwa ya ugomvi kabla haujaanza.

Pili, iwe na alama. Jina la nyumba au la msikiti liandikwe kwa rangi isiyofutika kwenye kitako cha balbu, mahali panapoonekana. Anayeinunua kwa bei ya kutupwa hatakuwa na udhuru wa kusema hakujua. Na ni vyema wenye maduka na mafundi wakumbuke kuwa kupokea mali ya wizi ni kosa linalojitegemea.

Tatu, uchukuaji ufanywe kuwa mgumu na usio na faida. Wenzetu wa mbali walilitafakari hili zamani. Katika treni za chini ya ardhi za New York zilitumika balbu ambazo nyuzi zake huzungushwa kinyume na za kawaida, hivyo aliyeiba moja hakuwa na holda ya kuiingiza nyumbani kwake. Nchini India mabehewa ya treni yametumia kwa miaka mingi umeme wa volti 110, kwa hiyo taa na feni zake hazifai katika nyumba za volti 230. Hawakungoja kila msafiri awe mcha Mungu ndipo wawashe taa. Sisi hatuwezi kuagiza balbu za namna hiyo, lakini fundi wetu wa hapa anaweza kufunga taa ya aina inayokaa ndani ya mfuniko unaofungwa kwa skrubu, anaweza kuizungushia wavu wa chuma, au kuipandisha juu mahali pasipofikiwa bila ngazi. Gharama ya kazi hiyo hulipwa mara moja. Gharama ya balbu inayoibwa hulipwa kila mwezi.

Nne, ikipotea ifuatwe, lakini ifuatwe kwa haki. Tunalisisitiza hili kuliko yote yaliyotangulia. Balbu mpya iwekwe siku hiyo hiyo, kisha jambo lizungumzwe na wapangaji wote wakiwa wamekaa, na likiwashinda lifikishwe kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha polisi. Pasiwe na kupekua chumba cha mtu asiyekuwepo. Pasiwe na kumnyooshea kidole mgeni kwa kuwa ni mgeni, wala kijana kwa kuwa hana kazi, wala mtoto wa mjane kwa kuwa hana wa kumtetea. Magazeti ya nchi hii yameandika mara nyingi habari za watu waliouawa na wale wanaoitwa "wananchi wenye hasira kali" baada ya mtu mmoja kupiga kelele ya mwizi. Huenda aliyeuawa aliiba, huenda hakuiba. Wauaji hawakungoja kujua. Haddi ambayo wanazuoni waliiepusha kwa shubha ndogo, umati wa watu huitekeleza na kupita mpaka wake kwa dhana tupu. Balbu hununuliwa dukani. Roho ya mtu hainunuliwi popote.

Kwa kamati za misikiti tuna neno la ziada. Taa iliyotolewa na muumini kwa ajili ya msikiti ni wakfu, na msimamizi wake ni mwenye kubeba amana. Haifai kuazimwa kwa ajili ya harusi, wala kupelekwa nyumbani "mpaka kesho", hata mwenye kuipeleka awe mjumbe wa kamati. Iandikwe daftarini siku ilipopokewa, siku ilipofungwa na siku ilipoungua. Daftari hilo litamlinda msimamizi dhidi ya maneno ya watu kabla ya kuilinda taa. Na walimu wenzetu wa madrasa wawafundishe watoto kuwa kitu cha wote ni kizito kuliko cha mtu mmoja, kwa sababu aliyemdhulumu mtu mmoja humwendea huyo mmoja akamwomba radhi; aliyewadhulumu watu wa jengo zima ataanzia mlango upi?

Tunawaomba maimamu waliseme jambo hili baada ya sala ya Ijumaa, na wapangaji waketi kabla mwezi haujaisha wakubaliane juu ya taa yao. Hakuna fedha nyingi inayotakiwa, wala kibali cha mkubwa yeyote. Linatakiwa daftari, zamu, wavu wa chuma, na watu walio tayari kuona kuwa nuru inayowaka nje ya mlango wao ni yao kama ile iliyo ndani.

Wabillahi tawfiq.