Sindano Hii Haijui Tarehe ya Harusi

Kama una harusi miezi miwili ijayo na umeanza kuulizia bei ya sindano ya kupunguza mwili, naomba unisikilize kwanza. Sikuja kukutisha. Mjini kuna makundi mawili, wanaoiuza kama muujiza na wanaoitangaza kama sumu, na yote mawili yanapotosha. Semaglutide, ambayo wengi mnaijua kwa majina ya Ozempic na Wegovy, na tirzepatide, yaani Mounjaro, ni dawa za kweli. Zinaiga homoni ambayo utumbo wetu huitoa tukishakula. Ubongo unapata habari kwamba chakula kimetosha, tumbo nalo linachelewa kusukuma kilichomo, kwa hiyo unashiba mapema na shibe inakaa.

Ila hazina haraka. Semaglutide ya kupunguza uzito huanzwa na miligramu 0.25 mara moja kwa wiki, kipimo kidogo cha kuuzoesha mwili tu. Hupandishwa kila baada ya wiki 4, na kipimo kamili cha miligramu 2.4 hufikiwa baada ya wiki 16. Bibi harusi aliyeanza wiki 8 kabla ya ndoa ataingia ukumbini akiwa bado katikati ya ngazi. Anayeamua kuziruka ngazi ili awahi gauni huishia chooni, anatapika.

Tuje kwenye kilo, maana ndizo zinazotafutwa. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowafuatilia kwa wiki 68 watu wazima 1,961 wenye uzito uliozidi na wasio na kisukari. Waliochomwa semaglutide walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao. Yaani mwenye kilo 100 alibaki na 85 hivi, na ilimchukua karibu miezi 16. Tena huo ni wastani. Kati ya kila watu 100 waliochomwa, kama 14 hawakufikisha hata asilimia 5. Kwa hiyo kilo alizopoteza shoga yako si deni lako wewe, na ukipungua kidogo kuliko yeye haina maana kwamba umezembea.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba watu wa utafiti ule hawakupewa sindano wakaachwa. Wote walipata ushauri kila baada ya wiki 4, walipunguziwa chakula kwa mpango na waliambiwa wafanye mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Asilimia 15 ni ya sindano pamoja na hayo. Waliopata ushauri uleule lakini wakachomwa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4 tu. Hapo na sisi wapenda kusema "si apunguze kula tu!" tunyamaze kidogo. Unene mkubwa ni ugonjwa, unahitaji tiba, na anayetibiwa hana sababu ya kuona haya.

Lakini tiba ina walengwa. Kwa kawaida ni mtu ambaye BMI yake, ule uwiano wa uzito na urefu unaopimwa zahanati, imefika 30, au 27 kama ana maradhi yanayoandamana na uzito, mfano presha. Kitambi kidogo kilichobaki baada ya kujifungua hakimo. Na kwa anayestahili, faida inapita kioo: utafiti wa mwaka 2023 wa watu zaidi ya 17,000 waliokuwa tayari na maradhi ya moyo na mishipa ulionyesha kwamba semaglutide ilipunguza kwa asilimia 20 matukio ya shambulio la moyo, kiharusi na vifo vya maradhi hayo. Kwa mtu wa namna hiyo, kilo 85 ni kheri kubwa hata kama gauni bado linabana.

Sasa sahani. Mwili unaopungua hauchomi mafuta peke yake, unakula na misuli. Kijana anaweza asigundue, ila mama wa miaka 60 atagundua siku atakaposhindwa kuinuka mkekani bila kushikwa mkono. Na sisi tumezoea sahani ambayo mlima wa ugali au wali unakaa katikati, kitoweo kinapigwa pembeni kwa adabu. Ukiwa kwenye dawa hizi, nafasi tumboni ni ndogo, huwezi kuijaza ugali kisha ukategemea misuli ibaki. Anza na samaki, dagaa, maharage, yai, kuku au mtindi. Fuata na mchicha, matembele au kisamvu. Ugali uje mwisho, ukikosa nafasi usiulazimishe. Dagaa wa buku wanakufaa kuliko unga wa protini wa kopo wanaokutangazia mtandaoni.

Chipsi, maandazi na biriani linaloelea mafuta, kwenye tumbo linalochelewa kusukuma, mara nyingi huleta kichefuchefu. Kula polepole, acha pale unaposikia umetosheka, hata kama yamebaki matonge mawili. Na usifurahie kutosikia njaa hadi ukashinda na chai ya rangi mpaka magharibi. Watu wanadhani hiyo ndiyo kazi ya dawa, kumbe ni kujidhoofisha. Kunywa maji hata kama hayakuiti, hasa ukitapika au kuharisha, kwa sababu figo huumia mwili ukikauka. Choo kikiwa kigumu, papai na mbogamboga ni msaada wa kwanza. Soda na juisi za sukari ni za kuachana nazo, zinapita hata pale ambapo ugali umegoma.

Mazoezi yasikusumbue kichwa. Tembea kwa mwendo wa kukutoa jasho, dakika 30, siku tano za wiki. Siku mbili fanya kazi ya misuli: kaa kwenye kiti na uinuke bila kushika kitu, panda ngazi, beba dumu la maji huku na huku uani. Jimu ni nzuri kwa mwenye nafasi na hela.

Kuhusu hela, kaa chini na familia kabla ya sindano ya kwanza. Baadhi ya washiriki wa utafiti ule wa 2021 walipofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha dawa na ushauri, walikuwa wamerudisha takriban theluthi mbili ya uzito waliopoteza. Njaa ilirudi, hawakuwa wavivu. Hii ni tiba ya kukaa nayo, kama vidonge vya presha. Anayeweza kulipa miezi mitatu tu amwambie daktari ukweli huo waziwazi, wapange njia nyingine, kuliko kuuza kitanda kwa kilo zitakazorudi kabla ya Idi.

Bei ya dawa hizi ndiyo inayowasukuma watu kwa wauzaji wa "status" za mtandaoni. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizogunduliwa Brazili, Uingereza na Marekani. Kama ziliingia huko, usijidanganye kwamba pochi ya dada anayeuza pia wigi na manukato iko salama. Hata kama kalamu ni halisi, hujui imelala wapi. Isiyofunguliwa hutunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, bila kuganda, na iliyoanza kutumika haitakiwi kukaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30, ambalo Dar ya Februari hulipita bila jitihada. Nunua famasi iliyosajiliwa, kwa cheti cha daktari, dai risiti, na ukiwa na shaka peleka taarifa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, au Bodi ya Famasi na Sumu kama uko Kenya. Kalamu ya mwenzako usiitumie, hata mkibadilisha sindano.

Kwa daktari usifiche kitu. Mwambie kama unachoma insulini au unameza glibenclamide, maana sukari inaweza kushuka mno. Mwambie kama umewahi kuugua kongosho au nyongo, au kama kwenu kuna aliyepata saratani ya tezi ya shingo. Anayetaka mimba anatakiwa kuacha semaglutide miezi 2 kabla. Anayetumia Mounjaro na vidonge vya uzazi wa mpango aulize kuhusu kinga ya ziada, kwa sababu nguvu ya vidonge inaweza kupungua. Ukipangiwa upasuaji, wape habari watu wa usingizi. Na maumivu makali ya tumbo yasiyoachia, yanayopita hadi mgongoni, si ya kusubiri kesho. Nenda hospitali usiku huohuo.

Nimebakiza sisi tulio pembeni, mashangazi, majirani na wanakamati wa sherehe. Kwetu mtu akinenepa tunamwambia mambo yamemnyookea, akikonda tunaanza kunong'ona kuhusu ngoma. Kuna watu wanaacha tiba kwa sababu ya midomo hiyo, na wengine wanaitumia kwa siri, wanatapika peke yao, hawana wa kuwapeleka hospitali. Nawaomba tuache kutoa hesabu ya mwili wa mtu mbele za watu. Na mgeni akisema ametosheka, usimwambie "ongeza kidogo, mbona umekula kama ndege", wala usinune. Mfungashie chakula, ataondoka nacho.