Sikusoma Ili Nijione

"Nilikiacha katikati. Hakuna mtu kama mimi humo." Maneno haya nimeyasikia kwenye vikao vya wasomaji hapa Nairobi hadi nimechoka. Imekuwa kama sheria: riwaya nzuri ni ile inayokuonyesha mtaa wako, mathe wako, matatu yako. Ikiwa ya watu wa mbali, ati haikuhusu.

Huo ni uvivu, bana. Watu hao hao hukesha wakitazama tamthilia za Kikorea na za Kituruki. Wanajua nani humwinamia nani, na mama mkwe huketi wapi. Hakuna aliyewafunza. Walitazama tu mpaka wakazoea.

Sasa chukua Palace Walk ya Naguib Mahfouz, Mmisri aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 1988. Ilitoka kwa Kiarabu mwaka 1956. Mimi nilisoma tafsiri ya Kiingereza, nakala ya mtumba. Ni familia moja ya Cairo, kuanzia Vita vya Kwanza vya Dunia hadi maandamano ya 1919 dhidi ya Waingereza. Mwanzoni nilipotea. Mbona Amina anaamka usiku wa manane, kila siku, kummulikia mumewe ngazi akitoka kwenye starehe zake? Mbona watoto wanachangamka saa ya kahawa, baba akiwa hayupo? Hakuna anayekueleza. Unakaa kama mgeni sebuleni, unasoma nyuso za watu.

Halafu siku moja unagundua sheria za nyumba ile unazijua. Mume akiwa safarini, Amina anatoka kwenda kuzuru msikiti wa Hussein, hapo karibu tu, na moyo wangu ukaanza kudunda. Kwetu hiyo ni matembezi ya kawaida. Kwake ni uasi. Akirudi anagongwa na gari, anavunjika mtulinga. Mume anasubiri mfupa uunge, kisha anamfukuza. Nilifunga kitabu nikazunguka chumbani. Hofu ile nisingeipata kama ningekiacha kwenye ukurasa wa thelathini.

"Si mwishowe ulijiona?" utaniuliza. Hapana. Budaa wangu hafanani na yule mzee hata kidogo. Lakini nilipoenda ushago Disemba, niliingia kwetu na macho ya mgeni. Niliona kwamba mathe haketi mezani mpaka sote tumeshiba. Nimekula kwenye meza hiyo tangu utotoni na sikuwahi kuona. Nilimuuliza kwa nini. Alicheka, kisha akasema, "Leo ndio umeniuliza?"

Riwaya ya kwetu ingeweza kulipita jambo hilo bila kusimama, kama nilivyolipita mimi miaka yote. Ilibidi niende Cairo ndipo niulize. Kwa hivyo usipojiona kwenye kurasa za kwanza, usifunge kitabu. Mgeni haingii kwa watu akidai picha yake iwe ukutani. Keti kwanza, utazame.