KUUGUZA NI UFUNDI

Ndugu wafanya kazi wa Changamwe, Kisauni na Likoni,

Wako wakubwa wasemao kuuguza ni huruma tu, kila mtu aweza. Sisi watu wa reli twakataa. Behewa haliondoki stesheni kabla breki hazijakaguliwa. Mbona maisha ya binadamu yaachwe kwa bahati?

Mwenzetu alivunjika paja, akalazwa chali majuma matatu katika wadi yenye mwuguzi mmoja usiku kucha. Mguu ulipona, lakini mgongo ulifanya vidonda hata mfupa ukaonekana. Asiyeweza kujigeuza yapasa ageuzwe kila baada ya saa mbili, ngozi yake itazamwe, shuka lililolowa liondolewe. Mikono ioshwe kabla ya kumgusa na baada yake. Ainuliwe kichwa anapolishwa, asipaliwe. Aitwe kwa jina lake, aelezwe atakalofanyiwa.

Yule mwuguzi hatumlaumu. Bomba ni kavu, sabuni hakuna, wadi imejaa. Mikono miwili itageuza wangapi? Mwaka 2017 wauguzi wa Kenya waligoma tangu Juni hadi Novemba. Tajiri alikwenda hospitali ya kulipia. Maskini ndiye aliyeumia. Walaumiwe walioacha mambo yafike huko.

Twadai: wauguzi wa kutosha kila zamu, maji na sabuni kila wadi, na jamaa wafundishwe kumgeuza mgonjwa kabla hajarudishwa nyumbani.

Ndugu, tusiponena leo, kesho kitanda kile ni chetu. Umoja ni nguvu!