Karani na Wakubwa Wake

Uadilifu wa viongozi tumezoea kuusikia ukisifiwa majukwaani na kwenye mazishi ya wakubwa. Mimi naomba tuanze na karani.

David Munyakei alikuwa mtumishi wa chini Benki Kuu ya Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mikononi mwake zilipita hati za malipo ya kampuni ya Goldenberg International, iliyodai fidia ya asilimia 35 ya thamani ya dhahabu na almasi ilizosema imeziuza nje. Almasi gani? Kenya haichimbi almasi. Kuligundua hilo hakukuhitaji shahada ya uchumi, na mabosi wake nao walikuwa na macho. Munyakei alitoa nakala za hati, zikawafikia wabunge wa upinzani, na mwaka 1993 mambo yakaanikwa Bungeni.

Alikamatwa na kushtakiwa kwa kutoa siri za serikali. Kesi haikusimama, lakini kazi hakurudishiwa. Akahamia Mombasa, akawa mtu wa kubangaiza. Mwishoni mwa 2002 iliingia madarakani serikali iliyoahidi kufagia ufisadi. Ikaunda Tume ya Bosire kuchunguza sakata la Goldenberg, naye Munyakei akaenda kutoa ushahidi. Akapewa hata tuzo. Kumrudisha kazini kungehitaji barua ya ukurasa mmoja tu, na barua hiyo haikuandikwa. Alifariki 2006, fukara, hajafika miaka 40.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema nchi zetu zimeishiwa waadilifu. Wapo, masjala na kwenye vitengo vya manunuzi, na kisa cha Munyakei, au cha mwenzao aliyehamishwa ghafla kwa kukataa kusaini vocha, wanakijua vizuri. Wanafikiria ada za watoto, wananyamaza. Tanzania ilitunga sheria ya kuwalinda watoa taarifa mwaka 2015, na ni hatua njema. Lakini sheria haipokei simu ya usiku kutoka kwa mkubwa. Anayeipokea ni mkuu wa idara, na ujasiri wake huanzia hapo, kwa kukataa kumtoa kafara mtu wake.

Mgombea akija kwako kuapa kwamba atapambana na rushwa, muulize: alipokuwa ofisini, ni mtumishi gani wa chini aliyemkingia kifua, na leo mtumishi huyo yuko wapi?