Pikipiki Kuukuu: Itengenezwe au Inunuliwe Mpya?



Wengi wetu hapa Kiganjo, Karatina na Nanyuki twaenda zamu kwa pikipiki, na nyingi zimechoka. Twaambiwa, "Tupa hiyo, chukua mpya kwa mkopo." Sisi hatukubali upesi hivyo. Ikitoa moshi wa buluu na kula oili, mara nyingi ni ringi za pistoni; cheni ikiruka, tazama meno ya spoketi. Vitu hivi hubadilishwa. Injini za Garratt za aina ya 59, zilizojengwa Manchester mwaka 1955 na 1956, zilirudishwa karakana mara nyingi, zikavuta mizigo ya Mombasa na Nairobi mpaka miaka ya 1970.

Lakini fremu ikipasuka karibu na usukani, hiyo ni habari nyingine. Kuchomelea kando ya barabara hakutoshi kwa miteremko yetu wakati wa mvua. Hapo nunua. Ila kabla ya kutia sahihi, jumlisha malipo yote hadi mwezi wa mwisho (muuzaji hupenda kutaja ya mwezi mmoja tu), kisha uone mshahara utabaki na nini siku ya ada za shule.

Mwenye bei za vipuri za Nyeri na Karatina amletee katibu wa tawi, zibandikwe ubaoni.